Uzi: Zenobia, jina la kike lisilosikika sana, maana zake na safari yake

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Orodha za majina ya watoto zinazosambaa mitandaoni huliandika jina Zenobia kwa mstari mmoja tu: asili yake ni Kigiriki, maana yake ni "uhai wa Zeu". Mstari huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, mwanamke aliyelifanya jina hili lijulikane duniani, Malkia Zenobia wa Palmyra wa karne ya 3, hakuitwa hivyo katika lugha ya watu wa kwao, na hakuna dalili kwamba jina alilopewa nyumbani lilikuwa na uhusiano wowote na Zeu. Nimeanzisha uzi huu ili tulichambue jina hili kwa nafasi, kwa sababu ninaona kwamba tunapouliza "maana ya jina ni nini" mara nyingi tunasahau kuuliza pia "kwa lugha ya nani".

Nianze na Kigiriki chenyewe. Jina la mungu Zeu, linapobadilika umbo katika ushairi wa Kigiriki, huwa Zenos, yaani "wa Zeu", na bios ni uhai au maisha. Kutokana na shina hilo la Zen- Wagiriki waliunda majina mengi: Zenon, Zenodotos, Zenodoros, na Zenobios ambalo mwenzake wa kike ni Zenobia. Kwa hiyo jina lilikuwapo kabla ya malkia tunayemfahamu. Mwanahistoria Mrumi Tacitus anamtaja Zenobia mwingine wa karne ya 1, mke wa Rhadamistus, mfalme wa Armenia. Wawili hao walipokuwa wakikimbia maasi, mke akiwa mjamzito na ameshindwa kuendelea na safari ya farasi, mume alimchoma kwa upanga na kumtupa katika mto Araxes ili asiangukie mikononi mwa adui. Wachungaji walimwokoa akiwa hai. Kisa hicho ndicho kilichotungiwa baadhi ya opera za Italia za karne ya 18 zenye jina la Zenobia, na wasikilizaji wengi hudhani zinamhusu malkia wa Palmyra.

Sasa tuje kwa malkia huyo. Palmyra, ambayo wenyeji waliiita Tadmor na Waarabu hadi leo huiita Tadmur, ni mji wa chemchemi katika jangwa la Syria, uliotajirika kwa misafara ya biashara baina ya dola ya Rumi na Uajemi. Mume wa malkia, Odaenathus, ndiye aliyewasukuma nyuma Waajemi wa mfalme Shapur wa Kwanza baada ya kaisari Valerian kutekwa mwaka 260. Odaenathus alipouawa, mwaka 267 hivi, Zenobia alishika utawala kwa niaba ya mwanawe mdogo. Mwaka 270 majeshi yake yaliiteka Misri. Mwaka 272 sarafu zilizofuliwa Antiokia na Aleksandria zilimwita Augusta, cheo cha wanawake wa kikaisari ambacho Rumi haikuweza kukivumilia. Kaisari Aurelian alimshinda katika mapigano mawili, karibu na Antiokia kisha Emesa, mji ambao leo ni Homs, na malkia akakamatwa akijaribu kuvuka mto Frati kwenda kuomba msaada Uajemi. Kuhusu mwisho wake waandishi wa kale wanapingana: mmoja anasema alifia njiani, mwingine anasema alipitishwa Rumi katika gwaride la ushindi la mwaka 274 akiwa amefungwa minyororo ya dhahabu, kisha akapewa makazi huko Tibur.

Mtu huyu aliitwaje na watu wake? Jibu liko kwenye mawe. Watu wa Palmyra waliandika kwa Kiaramu cha kwao na kwa Kigiriki sambamba, na katika maandishi ya Agosti 271 yaliyowekwa na majemadari wake kwenye safu ya nguzo za mji, pale Kigiriki kinaposema Septimia Zenobia, Kiaramu kinasema Septimia Bat-Zabbai, yaani "binti Zabbai". Zabbai ni jina la kiume la Kisemiti, na huhusishwa na mzizi wenye maana ya kutoa zawadi. Limo hata katika Biblia, kwenye kitabu cha Ezra sura ya 10, katika orodha ya wanaume waliooa wake wa kigeni. Hiyo Septimia ni jina la ukoo wa Kirumi, ambalo familia mashuhuri za Palmyra zililichukua kutokana na nasaba ya kaisari Septimius Severus.

Kuna jambo dogo hapa ambalo halionekani katika orodha za majina. Jiwe la masafa la barabarani linamtaja malkia kuwa ni binti wa Antiochus. Basi Bat-Zabbai haikuwa maelezo ya baba yake. Lilikuwa jina kamili, kama ambavyo mtu anaweza kuitwa "Mwana" fulani bila huyo fulani kuwa mzazi wake. Na wakati wa kuliingiza katika Kigiriki, halikutafsiriwa. Lilitafutiwa jina la Kigiriki linalofanana nalo kwa sauti: Zabbai, Zenobia. Mlinganishe na mwanawe. Yeye kwa Kiaramu aliitwa Wahballat, "zawadi ya mungu mke Allat", na kwa Kigiriki akaitwa Athenodoros, "zawadi ya Athena". Kwa mtoto walihamisha maana, kwa mama walihamisha sauti. Ndiyo sababu ninasema kwamba "uhai wa Zeu" ni maana ya jina la Kigiriki, na si maana ya jina la mwanamke huyo.

Karibuni kwa michango, hasa wenye maarifa ya Kiarabu.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana, mkuu, kwa uzi wenye kina. Nina swali ambalo limenisumbua muda mrefu. Nimesoma mahali pengi kwamba Zenobia ni Zainabu tu aliyevaa mavazi ya Kigiriki, na kwamba maana yake ni "pambo la baba". Je, hilo ni sahihi?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na sina budi kulijibu kwa uangalifu, kwa kuwa hapa mapenzi ya watu yametangulia ushahidi.

Majina hayo mawili yanafanana kwa masikio, na ni kweli kwamba baadhi ya waandishi wa zamani wa Ulaya waliyaunganisha. Lakini maandishi ya Palmyra hayamwiti malkia Zainabu mahali popote, yanamwita Bat-Zabbai. Kuhusu Zainabu lenyewe, wanaisimu wa Kiarabu wa kale walilieleza kuwa ni jina la mti wenye maua ya kupendeza na harufu nzuri, na ile tafsiri ya "pambo la baba" inatokana na kuligawa neno mara mbili, zayn na ab. Ni tafsiri tamu, na wazazi wengi huipenda.

Tofauti kubwa zaidi baina ya majina hayo mawili ni ya kihistoria. Zainabu lina watu wa heshima wa kulibeba: binti wa Mtume, wake zake wawili (binti Jahsh na binti Khuzayma), na Zainabu binti Ali aliyeshuhudia Karbala, ambaye sehemu ya ziara inayonasibishwa naye iko karibu na Damascus, katika nchi ileile ya Syria. Jina lenye nguzo kama hizo halihitaji mtu wa kulitangaza. Zenobia halimo katika Qurani, halimo katika Biblia, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya uchache wake. Majina huenea kwa kurudiwa katika ibada, kisha katika familia, na yaliyobaki katika vitabu vya historia pekee huwafikia wasomaji wachache.

Mchangiaji wa pili

Naomba nimwongezee mwanzisha uzi upande wa Kiarabu, kwa sababu ametuita.

Wasimulizi wa Kiarabu, akiwamo mwanahistoria Tabari, wana malkia waliyemwita az-Zabbaa, na wengi humtambua kuwa ndiye huyu wa Tadmur. Katika Kiarabu az-Zabbaa ni mwanamke mwenye nywele nyingi, na wasimulizi walieleza jina hilo kwa kusema kwamba nywele zake zilikuwa ndefu ajabu. Ni wazi kwamba sauti ya Zabbai ilibaki midomoni mwa watu hata baada ya maana kusahaulika, nao wakaitafutia maana mpya kwa lugha yao, kama Wagiriki walivyofanya kabla yao.

Kisa chenyewe hakina Rumi hata kidogo. Az-Zabbaa anamwalika mfalme Jadhima kwa ahadi ya ndoa, kisha anamuua kwa kulipiza kisasi cha baba yake. Mshauri wa Jadhima, Qasir, anajikata pua na kukimbilia kwa malkia akidai kwamba ameteswa na Amri, mpwa wa marehemu. Malkia anamwamini na kumpa mali ya kufanyia biashara. Siku moja Qasir anarudi na msafara wa ngamia waliobeba askari waliofichwa ndani ya magunia. Malkia anapokimbilia njia yake ya siri ya chini ya ardhi anamkuta Amri amesimama mlangoni, ananyonya sumu iliyokuwa katika pete yake, na kusema: "Kwa mkono wangu, si kwa mkono wa Amri." Maneno hayo yamekuwa methali ya Kiarabu hadi leo, na pua ya Qasir nayo ina methali yake: kuna jambo lililomfanya Qasir akate pua yake.

Cha ajabu ni kwamba Waarabu wa leo wanapoliandika jina la malkia katika vitabu vya shule au kumpa mtoto, huandika Zanubiya, kwa kufuata Kigiriki. Picha yake ilichapishwa kwenye noti ya lira 500 ya Syria. Jina lilitoka jangwani likiwa la Kisemiti na likarudi likiwa la Kigiriki.

Mwanzisha uzi

Mchango huu umenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kwa hiyo tuna maana nne zinazozunguka jina moja: binti Zabbai kwa Kiaramu, uhai wa Zeu kwa Kigiriki, mwenye nywele nyingi kwa Kiarabu cha masimulizi, na pambo la baba kwa wale wanaoliunganisha na Zainabu. Mbili za kwanza tu ndizo zilizochongwa kwenye jiwe akiwa hai, na ya kwanza pekee ndiyo ya lugha ya watu wake.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, mimi ninatazama jambo hili kwa jicho la mzazi Mkristo. Mke wangu analipenda jina hili, lakini mimi ninasita kumpa binti yangu jina la mungu wa kipagani. Mnanishaurije?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, uamuzi ni wenu wawili, ila wasiwasi huo Wakristo wa mwanzo hawakuwa nao kwa kiasi hicho. Fungua Waraka kwa Tito, sura ya 3, mstari wa 13. Paulo anaagiza wasafirishwe kwa bidii watu wawili: Zena, yule mwanasheria, na Apolo. Zena ni ufupisho wa majina ya Kigiriki yenye shina lilelile la Zeu, hasa Zenodoros, na Apolo linatokana na mungu Apollo. Hakuna hata mmoja aliyebadilishiwa jina. Epafrodito, ambaye Paulo anamsifu sana katika Waraka kwa Wafilipi, ana jina linalotokana na mungu mke Afrodite.

Zaidi ya hapo, Kanisa la Mashariki huwaadhimisha Zenobio na Zenobia tarehe 30 Oktoba. Kwa mapokeo walikuwa kaka na dada wa mji wa Aegae katika Kilikia, waliouawa kwa ajili ya imani wakati wa kaisari Diocletian. Huko Firenze, askofu Zenobio ni mmoja wa watakatifu wanaoheshimiwa sana mjini. Kwa hiyo ukihitaji msimamizi wa jina, yupo. Ninakubali tu kwamba si mashuhuri kiasi cha kulifanya jina lienee.

Mchangiaji wa nne

Habari zenu. Nimefuatilia uzi kuanzia mwanzo na ninaona suala la umaarufu bado halijaguswa sana. Je, jina hili limewahi kuvuma mahali popote? Na ni nani mwingine mashuhuri aliyelibeba?

Mwanzisha uzi

Kuvuma kwa maana ya kuwa jina la kila darasa, sijaona hivyo popote. Limekuwa likiibuka kila msomaji anapogundua upya Palmyra, kisha linatulia.

Katika Zama za Kati za Ulaya, mwandishi Mwitalia Boccaccio alimweka malkia katika kitabu chake cha wanawake mashuhuri, na mshairi Mwingereza Chaucer akamwingiza katika visa anavyosimulia mtawa wa kitabu chake kwa tahajia ya Cenobia. Katika karne ya 18, familia ya Zenobio ya Venice ilimwagiza mchoraji Tiepolo aipambie jumba lao kwa picha za malkia huyo, bila shaka kwa sababu ya kufanana kwa jina. Ukoo haukuwa na uhusiano wowote na Palmyra, lakini nani angekataa malkia wa bure? Baadaye wasafiri Robert Wood na James Dawkins walifika Palmyra mwaka 1751 na kitabu cha michoro ya magofu kikatoka mwaka 1753, kikawatia wazungu wasomi wazimu wa nguzo na matao yake.

Upepo huo ulivuka bahari. William Ware, Mmarekani, aliandika riwaya ya barua kutoka Palmyra mwaka 1837. Nathaniel Hawthorne akampa mhusika wake, mwanamke mwenye kipaji na kiburi, jina la Zenobia katika riwaya ya mwaka 1852. Mchongaji Harriet Hosmer akamaliza mwaka 1859 sanamu ya malkia akiwa katika minyororo, na ilipooneshwa London mwaka 1862 baadhi ya magazeti yalidai kwamba mwanamke asingeweza kuichonga mwenyewe, hadi akalazimika kwenda kisheria dhidi ya uzushi huo. Hizo zilikuwa siku nzuri za jina. Kufikia mwaka 1911, Edith Wharton alimtumia Zenobia, kwa kifupi Zeena, kuwa mke mgonjwa na mlalamishi katika riwaya yake, na mwaka 1939 filamu moja ya vichekesho ikampa jina hilo tembo. Siwezi kudai kwamba riwaya na tembo ndivyo vilivyoliua, ila jina linalobebwa na malkia leo na tembo kesho huwa gumu kulibeba mtoto.

Kuhusu takwimu, mamlaka ya hifadhi ya jamii ya Marekani hutoa orodha za majina ya watoto kuanzia waliozaliwa mwaka 1880, na katika miaka ya karibuni Zenobia halimo katika majina 1000 ya juu ya wasichana. Kumbukeni pia kwamba orodha hizo huacha majina yaliyotolewa kwa watoto chini ya 5 katika mwaka, na zile za Uingereza na Wales huacha yaliyo chini ya 3, ili kulinda faragha. Jina kama hili linaweza kutoweka kwenye jedwali na bado likawa limeandikwa kwenye cheti cha mtoto fulani. Nchini Poland lina mizizi zaidi, ingawa wengi wanaolibeba ni wanawake wa umri mkubwa. Warusi na Wagiriki hulitamka Zinovia, kwa kuwa e ndefu ya Kigiriki cha kale imekuwa i na b imekuwa v. Mwenzake wa kiume anaonekana katika jina kamili la Bohdan Zynoviy Khmelnytsky, kiongozi wa Wakozaki wa Ukraine wa karne ya 17. Na kati ya Waparsi wa India jina Zenobia linasikika kwa kiasi, pengine kwa sababu linaungana vyema na majina yao mengi yanayoanza na z. Ni kichekesho cha historia: wazao wa Waajemi wanalipenda jina la mke wa mtu aliyewapiga Waajemi.

Kuhusu waliolibeba, nitawataja wawili. Zenobia Powell Perry, aliyezaliwa Boley, Oklahoma, mwaka 1908 na kufariki mwaka 2004, alikuwa mtunzi wa muziki Mmarekani mweusi na mwalimu wa vyuo vikuu. Mwingine ni Zenobia Camprubí wa Uhispania, aliyezaliwa Malgrat de Mar mwaka 1887. Alimtafsiri mshairi wa India Rabindranath Tagore kwa Kihispania akishirikiana na mumewe, mshairi Juan Ramón Jiménez, na kwa miaka mingi ndiye aliyesimamia kazi, safari na afya ya mshairi huyo, huku akiandika shajara zilizochapishwa baadaye. Mume alitangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi tarehe 25 Oktoba 1956. Zenobia alifariki tarehe 28. Mtu akiniuliza ni Zenobia yupi anayestahili kusomwa baada ya malkia, ni huyu.

Mchangiaji wa tano

Mjadala mzuri sana, dada na kaka zangu. Swali langu ni la tahajia. Nimeona baadhi ya watu wanaandika Xenobia kwa x. Je, ni jina lilelile? Na linatamkwaje, na kifupi chake ni kipi?

Mwanzisha uzi

Kwa x ni jina lilelile lililopambwa. Tatizo ni kwamba x hiyo inalisogeza karibu na neno lingine la Kigiriki, xenos, yaani mgeni, na tayari kuna kurasa zinazolieleza kama "maisha ya mgeni". Hiyo itakuwa maana ya tano, na sioni msingi wake. Wahispania wa zamani waliandika Cenobia, jambo ambalo lilikuwa suala la tahajia yao tu.

Kwa Kiingereza, Kihispania na Kipoland mkazo huangukia silabi ya "no". Katika Kiswahili, kwa kawaida yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, utaangukia "bi": Ze-no-BI-a. Jina linaingia bila kubadilishwa herufi, kwa kuwa kila silabi yake inaishia kwa irabu.

Vifupisho vinavyotumika ni Zena, Zeena na Zizi. Kwa yule ndugu aliyekuwa akisita: Zena ndilo umbo lililo katika Waraka kwa Tito, ingawa pale ni la mwanamume, kwa hiyo anaweza kumpa binti yake Zenobia kwenye cheti na Zena nyumbani, na mke wake akaridhika pia.